Ngoja Harusi Ipite

Kaka yetu alipokuwa mlevi, mji wetu wote wa Mutsamudu ulijua. Alianguka njiani na tembo lake la mnazi, wajomba wakambeba, na watu wakasema, "Mwanamume huyo, atatulia tu." Siku mjomba alipomwambia kuwa mlevi hafungiwi ndoa kubwa, ile ya mila inayompa mwanamume heshima, wala haketi na wazee barazani, akakubali kutibiwa. Ebo! Watu saba tulimsindikiza melini hadi Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, na godoro, na masufuria ya wali. Aliporudi amepona akachinjiwa mbuzi.

Dada yetu mkubwa alikunywa kwenye kikombe cha chai. Alianza mumewe alipomwacha. Alikunywa jikoni, mlango kaufunga, kisha akitoka anajitanda shiromani, ile nguo yetu nyekundu na nyeupe, hadi puani ili harufu isisikike. Sisi wa nyumbani tulijua. Majirani tuliwaambia ana kipandauso.

Wakati huo mimi nilikuwa nikiuza vitambaa Moroni, mtaa wa Magoudjou. Abiria mmoja wa meli akaniletea barua ya dada. "Mdogo wangu, mikono inanitetemeka hata siwezi kumsuka binti yangu. Nitafutie yule daktari aliyemtibu kaka. Nitakuja peke yangu, usimwambie mtu."

Kaka alisukumwa na ukoo mzima. Huyu hakuna aliyemsukuma, aliamka mwenyewe akataka kupona. Na mimi, mjinga mimi, nikamjibu nini?

Binti yake alikuwa ameposwa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Bwana harusi ndiye anayehamia, kwa hiyo wakwe huja kuitazama nyumba, na zaidi ya nyumba humtazama mama mwenyewe. Nikaona wakisikia amelazwa kwa ulevi, posa itavunjika na mtoto ataozea ndani. Nikaandika: "Dada, vumilia. Ngoja harusi ipite."

Harusi yenyewe haikufika. Wiki chache baadaye kisiwa chetu kikatangaza kujitenga. Askari wakapelekwa kutoka Moroni, bunduki zikalia, meli zikasimama, simu zikakatika. Kila asubuhi nilishuka pwani ya Badjanani kuwauliza wavuvi kama kuna chombo kinachovuka. Hakuna. Daktari nilimwendea mara mbili, akaniambia, "Mlete tu, mama, nafasi ipo." Nimlete na nini, jamani? Niogelee?

Meli ya kwanza iliponifikisha Mutsamudu, arobaini ya dada yangu ilikuwa imeshasomwa. Tumbo lilimvimba, macho yakawa manjano, akafa akiniulizia. Kando ya kitanda chake kikapu cha safari kilikuwa bado kimefungwa. Nilikifungua kwa mikono yangu. Mlikuwa na leso mbili, kipande cha sabuni na barua yangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakutaka kuficha. Mimi ndiye niliyemfichisha, na sijajisamehe mpaka leo.

Mama wa bwana harusi ndiye aliyemwosha maiti. Nilimwendea kumshukuru, na hata hapo, kwa ulimi huu huu, nikaanza kumweleza habari za kipandauso. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulijua kabla hatujaleta posa. Tulikuwa tunangoja ninyi ndugu zake mumpeleke."