Mwalimu Perpetua wa Gisenyi, Aliyeifuta Sauti Yake

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1957 katika milima ya Masisi, nchini Kongo, mtoto wa nne wa mfugaji Bizumuremyi na mkewe Mukandori. Wazazi walimwita Mukamazimpaka, na katika ubatizo akapewa jina la Perpetua. Nyumbani walisema Kinyarwanda, kwa majirani Kihunde, sokoni Kiswahili. Shuleni akakuta Kifaransa, ambacho hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba kipo duniani. Mwaka mzima alikaa dawati la nyuma bila kufungua kinywa, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ni mzito wa akili. Hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa anangoja mtu amweleze mambo yale yale kwa lugha ya mama yake, na mtu huyo hakutokea.

Mungu alilitumia jeraha hilo kumwita. Alisomea ualimu, hakuolewa, na mwaka 1995 alihamia Rwanda pamoja na ndugu zake, akafundisha shule ya msingi karibu na Mahoko, si mbali na Gisenyi, kwa miaka ishirini na miwili. Tusimpake asali: alikuwa mkali, hakupenda kusaidiwa, na alijua fika kwamba ana sauti nzuri. Akisoma somo la kwanza kanisani, hata wazee waliozoea kusinzia walikuwa macho.

Mwishoni mwa mwaka 2022, familia zilizokimbia vita Masisi zilianza kupokewa katika kambi ya mapito nje ya mji wa Gisenyi. Perpetua, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikwenda na akina mama wa parokia kupeleka sabuni. Akakuta watoto sitini chini ya hema moja wakifundishwa kwa Kiingereza na kijana mwenye nia njema, na nyuso zile alizitambua mara moja, maana na yeye aliwahi kuwa na uso kama huo. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Evode, fundi wa simu karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani kuelekea Kongo.

Wawili hao walitengeneza kisanduku chenye spika, kinachotumia jua, na vitufe vinne vya rangi: Kinyarwanda, Kiswahili, Kihunde na Kiingereza. Somo lilikuwa lile lile. Mtoto alichagua lugha ya kulisikia. Baada ya kila swali paliachwa kimya kirefu, ili mtoto ajibu kwa sauti kama darasani. Masomo yote tisini Perpetua aliyarekodi mwenyewe, kwa lugha zote nne, tena kwa haraka, kwa maana daktari alikuwa amekuta uvimbe kooni mwake. Agosti 2023 alipasuliwa. Alitoka hospitalini na kibao cha chaki, na hakusema neno tena mpaka kufa kwake.

Hapo ndipo jaribu lilipomkuta. Watoto walikipenda kisanduku, lakini akina mama walikuwa wakikifunika kwa kitenge na kukisukuma kando. Aliyeongoza alikuwa Kahindo, mjane, ambaye binti yake Masika, mwenye miaka minane, hakuwa ametamka lolote tangu siku walipokimbia kwao. Hakuna mtoto ambaye Perpetua alimwombea zaidi kuliko huyo. Masika alikaa mbele ya kisanduku kila siku, swali likaulizwa, kimya kikapita, naye hakujibu. Perpetua akaandika kwenye kibao: "Mnakifunika kwa nini?"

"Mwalimu, usikasirike," Kahindo akamjibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Sauti yako iko muzuri sana. Lakini batoto banaisikia, kisha banatuangalia sisi kama batu benye habajue kitu. Masika anaangalia kile kisanduku tu. Mi haniangalie tena."

Perpetua alikasirika. Siku tatu hakukanyaga kambini, na siku ya nne alikwenda kuungama. Alikuwa amekosa kosa la walimu hodari, kufanya yote peke yake. Akarudi, akaandika: "Rekodini nyinyi." Lakini kila mama alibonyeza kwanza kitufe, akamsikia Perpetua, akaona haya, akarudisha kinasa sauti. "Ile yako iko," walisema. "Yetu ya nini?" Majuma mawili yakapita bila hata somo moja.

Ndipo alipomwandikia Evode: "Futa yangu. Yote."

"Non, Mwalimu!" Evode akalia. "Sauti yako imebakia humu tu. Bon, acha nifiche copie moja, hakuna mutu mwenye atajua."

Perpetua akafuta kibao kwa kiganja, akaandika: "Ukiificha, nitakuja kuisikiliza kila siku."

Kisha akazifuta rekodi kwa kidole chake mwenyewe, somo baada ya somo, mbele ya akina mama wote, huku machozi yakimtoka. Ilipokwisha, palikuwa na kisanduku kitupu na watoto wanaongoja. Kahindo akachukua kinasa sauti. Alifundisha kuhesabu kwa maharage, kama afanyavyo jikoni: tatu, na mbili, je, ni ngapi?

Tarehe 14 Oktoba 2023 somo hilo lilichezwa hemani. Swali likaulizwa, kimya kikaja. Masika hakukitazama kisanduku. Alimtazama mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama," akasema, "ni tano."

Wapo waamini wanaosema Mungu alitwaa sauti ya mmoja akampa mwingine. Madaktari wana maelezo yao, na kuhukumu muujiza ni kazi ya Kanisa, si yetu. Sisi tunajua tu kwamba Perpetua alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, na kwamba mtoto yule tangu hapo hanyamazi.

Perpetua alifariki tarehe 9 Februari 2024. Katika misa ya maziko paroko aliomba waamini wasikie sauti ya marehemu kwa mara ya mwisho, na Evode akalazimika kusimama na kusema kwamba haipo mahali popote. Kisanduku cha Perpetua sasa kina sauti za akina mama kumi na tisa, na watoto wa kambi nne wanajifunza kwa nakala zake.

Ndugu mwamini, kama lipo jambo unaloliweza kuliko wenzako, likalie kimya siku moja, umwache mwingine ajaribu mbele yako. Itauma. Ewe Mwalimu Perpetua, utuombee sisi tunaopenda kusikika.