Baba Alivuta Dawa kwa Mashavu

Nakumbuka siku moja ambayo kwa miaka mingi nimetamani kuisahau, mwanangu. Ni siku niliyomletea baba yangu dawa mpya ya kuvuta, nikajiona mtoto mwema.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana huko Nyakitonto. Baba alikuwa amezimaliza nguvu zake katika mabani ya kukaushia tumbaku upande wa Kibondo, akichochea moto na kuupokea moshi kifuani mwaka baada ya mwaka. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Muuguzi wa kituo chetu cha afya, mama mtaratibu mwenyeji wa Buhigwe, alimpa inhela, kile kikopo cha kupuliza dawa ya kifua, akamtobolea na chupa ya plastiki ya kukichomekea. Baba alipuliza dawa ndani ya chupa, kisha akaivuta polepole kwa mdomo. Haikumponya, maana ugonjwa ule sugu wa mapafu hauponi. Ilimwezesha tu kufika barazani na kuota jua la asubuhi.

Mimi niliionea haya chupa ile. Mwalimu mwenzangu alinitania mbele ya wengine: "Mzee wako bado anatembea na chupa kama mtoto wa chekechea? Shemeji yangu pale Kigoma anavuta inhela ya kisasa, yenye dawa ya unga. Chupa alishaitupa."

Walicheka. Sikuuliza shemeji huyo ana umri gani, wala anaugua nini. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jumamosi nikaenda Kasulu mjini, nikanunua inhela ya unga bila kumshirikisha muuguzi, nikamwambia baba aiweke kando ile ya zamani.

Alivuta mara ya kwanza mbele yangu, akatabasamu. "Tamu," akasema. "Hii ni tamu, mwalimu wangu."

Nami niliyesoma nikauchukua utamu kuwa ushahidi kwamba dawa inaingia.

Majuma machache baadaye baba hakufika tena barazani. Tukasema ni baridi ya milima, ni mvua, ni uzee. Kila jirani alikuwa na sababu yake, na mimi nilizipokea zote. Midomo yake ilipoanza kubadilika rangi, tulimpakia kwenye pikipiki, nikamshikilia kwa nyuma hadi kituoni.

Muuguzi alipokwisha kumtuliza kwa dawa, alikitazama kile kifaa kipya kwa muda. "Mzee, hebu vuta nione."

Baba akakishika kwa vidole viwili, akakibana midomoni, mashavu yakabonyea ndani, akanyonya taratibu. Hapo nikaelewa. Ndivyo wazee wetu Waha wanavyokunywa pombe ya mtama kwa mrija, wakikizunguka chungu kimoja: kwa mashavu, bila pupa, kwa kuwaheshimu wenzao. Kifua hakishiriki. Dawa ile ya unga ilitaka mvuto mmoja wa nguvu kutoka kifuani, na nguvu hiyo baba asingekuwa nayo hata angefundishwa. Utamu aliousifia ni wa sukari iliyochanganywa na dawa. Karibu unga wote ulikuwa ukiishia ulimini.

"Mwalimu," muuguzi akaniambia, "mwanafunzi humvushi darasa kabla hujamtahini. Baba yako ulimtahini?"

"Nilimwona akivuta."

"Na unga ulikwenda wapi?"

Baba ndiye aliyejibu, kwa pumzi za kukatika: "Usimfokee, mama. Aliniletea kitu kitamu."

Alirudishiwa chupa yake, lakini alifariki kabla mvua hazijakatika. Muuguzi aliniambia kwamba mapafu yalikwisha kuharibika na hakuna ajuaye angeishi siku ngapi. Ninamwamini, kwani hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini zile asubuhi za jua alizozikosa, ninajua aliyemnyang'anya.

Mwanangu, akili za kuambiwa, changanya na zako, na zote mbili zipeleke kwa mwenye ujuzi. Kifaa kilichomfaa shemeji wa mtu hakimfai baba yako kwa sababu hiyo tu. Kipo kinachotaka mvuto wa polepole, kipo kinachotaka wa nguvu. Kipo kinachohitaji vidole imara, na mzee wako huenda anatetemeka. Muuguzi au daktari apime kwanza pumzi na mikono ya mgonjwa, ndipo achague. Usibadilishe bila yeye. Na kila mnaporudi kliniki, mgonjwa avute mbele yake, hata kama amevuta miaka kumi. Chupa iliyotobolewa si aibu. Ile ya baba ninayo hadi leo, na sijaweza kuitupa.

Mungu akujalie kifua chepesi, na wazee wako awaache walifikie jua la barazani kwa miguu yao wenyewe. Na siku mmoja wao atakapokusifia dawa, Mungu akupe subira ya kuketi mbele yake na kumwambia: hebu vuta nione.