Fataki Nilizomchagulia Ami Khalfan

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Silaha yangu ni rimoti. Siku hiyo nilikuwa natazama video za watu wanaojaza baruti upya kwenye maganda ya risasi za bunduki, akaingia Ami Khalfan, ami yake mke wangu, kutoka mji wao wa Ibra. "Kumbe mtaalamu tunaye," akasema. Wakwe zangu hao wa Ibra hawajawahi kunisifu kwa lolote, basi badala ya kukana nikakohoa kitaalamu.

Baada ya siku mbili akaja na mikebe mitatu ya baruti na pakiti mbili za fataki za kuiwashia. "Nichagulie, mwanangu. Ijumaa namwoza binti yangu, nitapiga bunduki hewani." Nikanusa, nikapima kiganjani kama bizari, nikamsogezea mkebe mwekundu kwa sababu ulikuwa mzuri, na pakiti ya fataki iliyokuwa karibu nao.

Tangu hapo sikutulia. Mlango ukijibamiza, nauona mkono wa Ami ukirushwa na baruti yangu. Mke wangu akasema, "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Ijumaa wanaume wakajipanga kucheza razha, ngoma yao ya panga, Ami akainua bunduki. Nikachomoka mstarini, mikono juu, mbele ya wakwe wote. "Ami, usipige. Mimi sijui kitu. Nilichagua rangi ya mkebe."

Ami akaishusha bunduki taratibu.

"Nilijua siku ile ile, bwana. Risasi hizi kazijaza fundi wangu. Wewe ulinichagulia baruti na fataki, na hukuniuliza hata bunduki yenyewe ni ipi. Mtaalamu huanzia hapo."