Mashuka Yasiyoanikwa Juani

Saa kumi na moja alfajiri, Sei Meh anashuka kijitoni na kapu la mashuka mgongoni. Anapiga magoti juu ya jiwe, anaanza na yenye damu. Maji ni ya baridi, vidole vinakufa ganzi upesi, naye anafua huku ametega sikio angani.

Ana miaka ishirini na mbili. Ni mfuaji wa hospitali iliyofichwa ndani ya mianzi, katika milima ya Demoso, jimbo la Karenni, karibu na mpaka wa Thailand. Zamani mashuka yalikuwa meupe. Siku hizi huchemshwa na magome ya miti mpaka yawe rangi ya tope, kisha huanikwa kivulini, maana rubani wa ndege za kivita akiona kitambaa cheupe hatauliza ni cha nani.

Ndiyo sababu hayakauki vizuri. Majeruhi, wengi wao vijana wa rika lake, humtania.

"Dada, leo umenipa shuka au uyoga?" anauliza Boe Reh, aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini akienda shambani.

"Kama ni uyoga, kula unenepe," anamjibu, na kupita.

Vita vilipozuka, Sei Meh alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Chuo kikafungwa, wenzake wakatawanyika. Wapo walioshika bunduki, wapo wanaovuna mahindi Thailand bila vibali. Yeye alipofika hospitalini kuomba kazi, iliyokuwapo ilikuwa ya kufua. Mshahara hakuna. Kuna wali na pilipili, mara mbili kwa siku.

Hospitali imeshahama mara tatu. Mwezi uliopita ndege zilipopiga kijiji cha jirani, baba yake, mzee Plu Reh, alitembea siku mbili kutoka kambi ya wakimbizi mpakani kuja kumchukua. Alimweleza kwamba mama yake hali wala halali, na kwamba binamu yao anaweza kumtafutia kazi ng'ambo.

"Mwanangu, kaka yako nimemzika mwaka jana," alisema. "Mimi siwezi tena."

 Sei Meh akamwambia kwamba daktari mkuu amemchagua asomee uuguzi palepale, mvua zikikatika.

"Nikivuka mpaka, baba, nitaanza kila kitu upya. Nimechoka kuanza upya."

Mzee hakubishana. Asubuhi alishuka naye kijitoni, wakakamua mashuka, huyu ncha hii na yule ncha ile, mpaka kapu likaisha. Akavua koti lake, akamvika binti yake, akashika njia bila kuaga.

Sei Meh anataka awe muuguzi, baadaye mkunga, arudi kijijini kwao, kama kitakuwapo. Akiulizwa vita vikiisha kesho ataanza na lipi, anaitazama miguu yake. Hapa watu wote hulala na viatu miguuni, ili wakiamshwa wakimbie.

"Nitavua viatu," anasema. "Nilale mpaka nichoke kulala."