Mguu wa Sikuzani kwenye Fainali

Kilosa nzima ina maoni kuhusu fainali ya Mastaa Wacheze, lile shindano la kucheza muziki kwenye televisheni, na sehemu kubwa ya maoni hayo yametolewa kwenye mabenchi yangu, kwa kunywa chai yangu. Mimi ndiye Editha wa mgahawa wa Magomeni, hapahapa Kilosa. Televisheni ile ni yangu, kwa hiyo hakuna upuuzi uliosemwa ambao mimi sikuusikia. Lakini mtu mmoja hakuulizwa anaonaje, wakati fainali yenyewe ilichezwa kwa mguu wake. Huyo ni Sikuzani, na ndiye ninayetaka kumsimulia.

Sikuzani anauza vitumbua mlangoni kwangu. Ni Msagara, mzaliwa wa Munisagara kule reli inakopita katikati ya mashamba, akaolewa hapa mjini na Ashrafu, fundi baiskeli, Msagara mwenzake. Alipokuwa msichana alikuwa mchezaji wa ngoma. Harusi aliyokosekana yeye ilionekana imepooza. Halafu mto Mkondoa ukafurika, ukuta wa jiko ukamwangukia, na mguu wa kulia haukurudi tena kama zamani. Tangu hapo ana mwendo wake: anauburuta mguu, anatua, anarusha bega, kisha anaendelea na safari kana kwamba ardhi ndiyo yenye kasoro. Hata ajifunike kanga mbili, ukimwona kwa nyuma tu umeshamjua.

Ngoma za harusini aliacha. Utani hakuacha.

Wasagara na Wanyamwezi ni watani, na kwa asiyejua maana yake, Msagara haendi kwenye msiba wa Mnyamwezi kulia. Anakwenda kuvuruga. Atavaa nguo za marehemu, atembee kama marehemu, agombane na watu kwa sauti ya marehemu, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mnyamwezi naye atafanya hivyohivyo siku Msagara akifiwa. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ni yule aliyefiwa na mtani asitokee.

Sikuzani kwenye kazi hiyo hakuwa na mfano. Nilikuwepo tulipomzika bibi Hildegarda, Mnyamwezi, mjane wa mtu wa reli aliyetoka Tabora. Hildegarda alikuwa mwanamke wa kufoka, na alikuwa akifoka kwa mwiko mkononi. Tukiwa makaburini, Sikuzani akatokea amevaa kanga ya Hildegarda na mwiko wake kaushika, anauburuta ule mguu, akaanza kuwafokea wachimba kaburi kwamba wanachimba ovyo kama wanavyolima. Ilikuwa sauti yenyewe. Padri aligeukia pembeni akajifanya anakohoa. Mjukuu wa marehemu, Doris, wakati huo yuko sekondari, alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Tangu bibi yake afariki alikuwa amekataa chakula, na jioni ile alikula.

Doris huyo ndiye aliyekwenda Dar es Salaam akawa mwanamuziki, na ndiye aliyeshinda Mastaa Wacheze mwaka huu.

Kati ya mambo hayo mawili, Ashrafu alifariki. Naomba nimweleze Ashrafu vizuri, maana alikuwa mtu wa kuigizwa kama amezaliwa kwa ajili hiyo. Alitembea mkono wa kushoto ameukunja mgongoni. Kila baada ya hatua chache alisimama, akapapasa mfuko wa shati, akageuka nyuma kuangalia alichodondosha, akakuta hakuna, akaendelea. Na kila alipoingia nyumbani alianza na neno lilelile: "Siku, spana yangu umeiweka wapi?" Spana ilikuwa mfukoni. Mtaa mzima tulijua iko mfukoni.

Wanyamwezi wa Magomeni, wale wazee wenye kuujua utani, walikuwa wameshatutoka. Vijana wao walikuja msibani na fulana nyeusi, wakakaa kwenye viti kwa adabu kabisa, wakaondoka. Doris alituma salamu za pole kwa simu. Watu wote walisema msiba umekwenda kwa heshima. Nilipokwenda kumtazama Sikuzani akiwa ndani ya eda, aliniambia, "Editha, mume wangu kazikwa kama mgeni." Baba yangu aliletwa na kazi ya mkonge kutoka Kasulu, mimi si Mnyamwezi, sina utani na Wasagara. Ningejaribu mimi ingekuwa matusi. Roho iliniuma kwa sababu nilijua anasema kweli.

Basi ikafika Jumapili ya fainali. Mgahawa ulijaa hadi dirishani. Waliobaki mashindanoni walikuwa wawili, Doris na Frank, mchezaji mpira mstaafu. Frank alicheza vizuri, wacha nisiwe mnafiki. Mzee Ditram, mwalimu mstaafu ambaye kwangu anakunywa kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi hadi adhuhuri, alisema kijana huyo hajakosea hata hatua moja na ushindi ni wake.

Halafu akaingia Doris. Kavaa kanga, kabeba beseni la vitumbua kichwani. Akauburuta mguu wa kulia, akatua, akarusha bega. Benchi zima likageuka kumtazama Sikuzani, aliyekuwa amekaa karibu na friji. Doris aliicheza hatua ile polepole, kisha muziki ukachangamka naye akachangamka nao, mguu unaburuta, bega linaruka, beseni halitikisiki. Mwisho akashika maikrofoni akasema, "Huu mwendo ni wa mama Sikuzani wa Magomeni, Kilosa. Ni mtani wangu."

"Kaupiga mwingi!" alipiga kelele Bryson, kijana wa bodaboda.

"Kaupiga nini wewe?" Mzee Ditram akamgeukia. "Amemdhalilisha mama wa watu mbele ya nchi nzima!"

Jaji mmoja kwenye televisheni naye alisema hivyohivyo, kwamba ulemavu wa mtu si jambo la kuchezea. Jaji wa pili alikuwa akifuta machozi. Kura za watazamaji zikahesabiwa, na kabla hawajamtaja mshindi Sikuzani alisimama, akajifunga kanga, akatoka. Tulimsikia mguu wake ukiburuta kwenye changarawe huko nje, na ndani Doris akatangazwa mshindi.

Bryson alikuwa ameshamrekodi anavyotoka. Nilimchapa na kitambaa cha kufutia meza, lakini nilichelewa. Kulipokucha ile video ilikuwa kwenye kila simu.

Hapo ndipo kila mtu alipopata mdomo. Mmoja akaandika kwamba Doris anyang'anywe tuzo. Mwingine akaandika kwamba mama mwenyewe amejaa wivu. Wapo waliosema Frank kaibiwa, na wapo waliosema Frank anacheza kama anapasha misuli moto. Mwanamke mmoja, sijui wa wapi, aliandika maelezo marefu juu ya hisia za Sikuzani, na hajapata hata kula kitumbua chake. Waandaaji wa shindano nao wakatangaza kwamba wanamsubiri mama. Akisema ametukanwa, tuzo itakwenda kwa Frank.

Kwa hiyo tuzo ya Doris ilikuwa imekaa mdomoni mwa Sikuzani, na Sikuzani alikuwa amefunga mdomo. Alikaanga vitumbua vyake, akauza, akaenda nyumbani. Aliyemuuliza alijibiwa, "Unataka vingapi?"

Nilipojaribu mimi, nikiwa namwagia maji kwenye sufuria lake, alinitazama tu. "Hata wewe, Editha?" akasema. Nikarudi kwenye vikombe vyangu.

Mwisho alichoka, akapanda gari kwenda Mikumi kwa binti yake, anayefua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu. Alidhani kule atapumua. Alisahau kwamba mabasi ya nyanda za juu yote husimama pale ili abiria wale chakula. Alikwenda dukani kununua chumvi, na hatua ya tatu tu, abiria mmoja akadondosha mfuko wake wa chipsi.

"Mama! Si ni wewe yule wa Mastaa Wacheze?"

Wakamzunguka. Mwanamume wa basi la Mbeya akamwambia, "Mama shikamoo. Wamekudhalilisha, fungua kesi, mimi nakuunga mkono."

"Marahaba, baba," akajibu Sikuzani. "Chakula chako kimemwagika."

Mwanamke mmoja akamshika mkono akasema yeye alimpigia Doris kura kwa ajili ya ule mwendo tu, kwa sababu dada yake naye anatembea hivyo, na hakuwahi kuona mtu akiucheza kama kitu kizuri.

"Kumbe mguu wangu una kura," Sikuzani akasema, na watu wakacheka. Binti yake ndiye aliyenihadithia haya. Anasema mama yake alicheka pia, lakini kidogo.

Kwenye kundi hilo alikuwepo mwandishi wa redio, safarini kwenda kwao. Akatoa simu akaiwasha. "Mama, Watanzania wanataka kukusikia. Umejisikiaje kuigizwa mguu wako?"

Sikuzani aliweka mfuko wa chumvi chini.

"Mguu ni wake, auchukue," alisema. "Yule ni mtani wangu. Mimi nilimwigiza bibi yake hadi kaburini, nani wa kunizuia? Tena hajanipatia vizuri, bega analirusha mapema. Nyie mnaogombana, endeleeni, tuzo ni yake."

"Sasa mbona ulitoka, mama?"

Binti yake anasema hapo mtu mmoja pembeni alizima pikipiki ili kusikia.

"Nilitoka kwa sababu mume wangu alifariki, na huyo mtani wangu hakuja. Alikuwa na mwendo, mume wangu. Kuliko wa kwangu. Amezikwa hakuna aliyemtembea. Leo huyu anakuja kunitembea mimi niliye hai, kwenye televisheni. Nikaona, kumbe anajua! Anajua vizuri kabisa, ila hakuja."

Akaokota chumvi yake, akaondoka.

Redio ilirusha yote. Waandaaji wakasema hakuna malalamiko, tuzo ibaki ilipo, na walimwengu wakahamia kwenye ugomvi mwingine. Mzee Ditram alisikiliza mara ya kwanza, akaomba tuirudie. Kisha akasema yeye bado anaona Frank alistahili, ila hilo la msiba ni kubwa kuliko shindano. Kwa Mzee Ditram huko ndiko kuomba radhi.

Sikuzani alirudi Kilosa. Nilimkuta siku hiyo uani kwake akipepeta mchele wa vitumbua, nikakaa kumsaidia kuchagua mawe. Banda la Ashrafu bado lipo pale uani, na rimu za baiskeli zinaning'inia. Hatukuwa tukizungumza la maana. Nadhani nilikuwa nalalamikia bei ya mkaa.

Tukasikia mtu anakohoa nje ya ua wa makuti.

Akaingia akitokea upande wa banda. Kavaa shati la kiume la kitambaa kigumu na kofia imemfunika nusu ya uso. Mkono wa kushoto kaukunja mgongoni. Akatembea hatua chache, akasimama, akapapasa mfuko wa shati. Akageuka nyuma. Akatazama chini kwa makini, kama anayetafuta nati ya baiskeli kwenye mchanga. Akakuta hakuna, akaendelea. Hakutoa shikamoo. Hakunitazama mimi kabisa.

Ungo uliteleza mikononi mwa Sikuzani, mchele ukamwagika wote.

Yule mtu akafika mbele yake, akasimama, akapapasa tena.

"Siku," akasema kwa sauti nzito yenye makohozi, "spana yangu umeiweka wapi?"

Sikuzani alitoa sauti ambayo sikuitambua. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Nilipodhani anacheka, machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Mimi mwenyewe nilishika mdomo kwa kanga. Alikuwa Ashrafu. Kwa muda mfupi pale uani, Ashrafu alikuwa ameingia nyumbani kwake.

"Iko mfukoni, mjinga wewe!" Sikuzani akapiga kelele. "Iko mfukoni miaka yote!"

Doris akatumbukiza mkono mfukoni akatoa spana. Akaitazama, akashangaa, akairudisha, akaanza upya: "Siku, spana yangu..."

Sikuzani akanyanyuka, akakamata mwiko, akaanza kumkimbiza. Mguu unaburuta, bega linaruka, na Doris mbele yake anazunguka banda la fundi mkono mgongoni, hakuukunjua hata kwa kukimbizwa. Alipigwa mwiko wa mgongo mara kadhaa, na haikuwa kwa mchezo. "Umechelewa!" Sikuzani alikuwa akisema kila anapompiga. "Umechelewa, umechelewa!" Majirani walikuja kuchungulia. Bryson, aliyemleta Doris kutoka stesheni ya treni ya umeme, alisimama mlangoni na simu imo mfukoni. Safari hii hakuitoa.

Walipochoka, Doris alikaa kizingitini akaziba njia, kama mtani anavyotakiwa, akasema hatoki hapo mpaka alishwe. Kofia aliivua. Ndipo akapiga goti, akasema shikamoo mama, na akaitikiwa marahaba. Machozi yalikuwa yakimtoka naye.

Sikuzani alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Akautazama mchele uliomwagika, akalitazama banda, akanigeukia mimi.

"Haya, Editha," akasema. "Sasa Ashrafu kazikwa."

Akaenda kuwasha jiko.