Nilimwambia Jirani Amenenepa Ili Viroba Vyangu Vipate Nafasi

Nimekosa, na safari hii simsingizii shetani. Shetani hana bustani. Nilifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu, tena nikicheka.

Jina langu nalificha, ingawa nyie wa Ilembo hapa Mpanda mtanijua kabla hamjamaliza kusoma. Mkinijua, nisalimieni tu mpite.

Mimi ni Mpimbwe, nimekulia kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu ukitaka mboga unatoka nje unachuma. Nikaolewa na fundi pikipiki, tukaja kupanga mjini, nikajikuta nanunua hadi majani ya maboga. Majani ya maboga, jamani! Yanayojiotea yenyewe nyuma ya jiko!

Nikaapa: mboga sinunui tena, nitakula nilichopanda. Ila ardhi ndiyo sina. Nyumba tuliyopanga ina pande mbili, upande mmoja sisi, wa pili Mama Kulwa na mumewe. Choo na bafu viko nyuma, tunachangia. Kwenda huko unapita kichochoro kati ya ukuta wangu na uzio wa matofali. Mwenye nyumba aliniruhusu nipande chini ya dirisha langu tu, humo humo kichochoroni. Basi.

Nikaona kwenye simu watu wanapanda kwenye viroba. Viroba vya unga, msinifikirie vingine! Unajaza udongo na samadi, unatoboa pembeni, kila tundu unachomeka mche. Nikajaza vyangu, nikavipanga chini ya dirisha. Samadi aliniletea Mama Kulwa mwenyewe, kutoka kwa kaka yake anayefuga ng'ombe nje ya mji. Alishusha gunia kwenye bodaboda huku anahema, akasema, "Lima jirani, tule wote."

Mama Kulwa ni Msukuma, mwanamke wa mwili, wa kicheko, wa ugali mkubwa. Anauza dagaa sokoni. Akicheka kwake, sufuria kwangu zinaitikia.

Mchicha ukatoka. Chainizi ikatoka. Nyanya zikaanza kuiva. Nikaonja ule utamu wa kuchuma cha kwako, nikapandwa na wazimu! Nikataka bamia. Nikataka hoho. Nikataka vitunguu. Pa kuweka pako wapi?

Nikaangalia kichochoro. Nikajiambia, nikivisogeza viroba nje kidogo tu, kiasi cha kiganja, nyuma yake napata pa kuweka madumu ya kupandia vitunguu. Nani ataona?

Mama Kulwa alipokwenda sokoni nikamwaga maji chini, nikakisukuma kiroba kwa goti. Kikateleza chenyewe! Nikasukuma na vingine, nikafagia alama, nikaingia ndani kama sijui kitu.

Baada ya siku chache, kiganja kingine. Kisha kingine.

Mume wangu hakugundua. Yule ni mwembamba kama spoku, angepita hata kwenye tundu la ufunguo. Aliyegundua ni Mama Kulwa. Asubuhi moja alikuwa anakwenda kuoga, ndoo mkononi, nikasikia nyonga yake inakwaruza matofali.

"Jirani," akaita, "hivi hii njia imepungua?"

Hapo ndipo ningesema. Mungu aliniwekea mlango wazi kabisa! Lakini ulimi wangu, sijui niliuazima wapi, ukajibu:

"Njia ni ile ile, mama. Labda wewe ndiyo umeongezeka."

Akasimama. Akajitazama mbele, akajitazama nyuma. "Kweli?"

"Kidogo. Sio sana. Unapendeza lakini."

Nikakimbilia ndani, nikajifunika uso na kanga, nikacheka mpaka machozi.

Nilidhani atasahau. Kumbe nimewasha moto! Kesho yake namwona anakunywa maji ya ndimu. Ugali wa jioni akaacha. Akaanza kukimbia alfajiri barabarani, kanga imefungwa kiunoni, mbwa nyuma yake. Siku moja akaja mlangoni kwangu na sahani.

"Naomba mchicha, jirani. Chakula changu sasa ni majani tu."

Nikamchumia. Nilijisikia fahari, kweli! Bustani yangu inalisha mtaa!

Mwili ukaanza kumwisha. Hapo mtu mwenye utu angesema inatosha. Mimi nikaogopa: akipungua atapita vizuri, akipita vizuri ataanza kujiuliza. Mnajua nilifanya nini? Nikaendelea kusukuma! Yeye anapungua, mimi nasogeza. Yeye anapungua, mimi nasogeza. Kila akipita, matofali bado yanamkwaruza.

"Mayu!" nikamsikia siku moja kichochoroni, anamwita mama yake kwa Kisukuma. "Nile nini tena mimi? Hewa?"

Mumewe, Baba Kulwa, akaja kulalamika kwetu. "Mke wangu anaisha. Nilioa mwanamke, sasa hivi nalala na fimbo. Muulizeni nyie, labda atawaambia kinachomsumbua." Mume wangu akamhurumia. Mimi nikamimina chai, nikamkaribisha na nyanya.

Jumamosi moja mchana niko jikoni, nikasikia kishindo. Nikatoka mbio. Mama Kulwa yuko chini kichochoroni, ndoo imemwagika, kiroba kimemlalia miguuni, nyanya zimempasukia usoni. Amefumba macho. Nilipoona ule wekundu nilipiga yowe mpaka Baba Kulwa akatoka kifua wazi!

Tukamtia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Nesi akampima, akauliza alichokula. Akatugeukia.

"Huyu mama hana ugonjwa. Ana njaa."

Njaa! Kwenye nyumba yenye gunia la mahindi!

Baba Kulwa akakimbia kutafuta uji. Nikabaki mimi na yeye, mkononi ana dripu. Akanishika mkono. Nikajua ananilaumu. Wala!

"Jirani, usiwaambie watu nimeshindwa," akasema kwa sauti ndogo. "Nimejitahidi sana. Lakini hata leo nilikuwa nagusa ukuta. Unafikiri niache na uji?"

Jamani! Nikalia kabla sijasema. Nikasema yote: maji, goti, ufagio, viganja.

Nikasubiri kibao, nikaweka na shavu tayari.

"Kwa hiyo sikunenepa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama Kulwa."

Akageuzia uso ukutani. Kisha akasema bila kunitazama, "Ungeniomba tu. Mbele ya mlango wangu pamekaa wazi, mimi sipandi kitu, nauza dagaa. Ningekupa pote."

Bora angenipiga!

Baba Kulwa akarudi na uji. Mkewe akamwambia maneno kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma sijui, lakini neno "viroba" nililisikia. Yule baba akaweka kikombe chini taratibu, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mama," akasema, "nenda nyumbani."

Nikaenda kwa miguu.

Mume wangu alivirudisha viroba ukutani siku ile ile. Mtaa ukapata habari. Sasa hivi naitwa Mama Sogeza. Nikifika bombani wanawake wanapiga kelele, "Shikeni ndoo zenu, kaja!" Nacheka nao, nitafanyaje?

Na kinachoniuma zaidi, nafasi ilikuwepo. Madumu ya vitunguu nimeyatundika ukutani kwa waya, hoho ziko juu ya banda la kuku, bamia ziko kwenye tairi mbovu za mume wangu. Mboga sinunui, kama nilivyoapa.

Mama Kulwa mwili umemrudia, na kicheko pia. Ananisalimia vizuri, sio mtu wa kinyongo. Ila mboga zangu haombi tena, na wakati wa kula anafunga mlango. Zamani alikuwa ananiita, "Jirani, njoo tugonge tonge!" Nilimpelekea bakuli la nyanya. Akashukuru, akasema anazo.

Nyie mnaoanza kulima kwenye ua mdogo, nawaomba kwa machozi: ombeni nafasi kwa mdomo. Ukinyimwa, panda juu kwa juu mpaka kwenye bati. Na wewe unayesoma hapa huku jirani yako analalamika kibaraza kimepungua, najua unajijua. Rudisha hilo dumu. Rudisha sasa hivi, kabla hajatoka sokoni!