Chai Kabla ya Sindano

Daktari alinipigia simu nikiwa kiwandani, katika chumba cha kuchambua majani makavu, ambamo kelele za mashine huwafanya watu wazungumze kwa mikono. Nilitoka nje nikaziba sikio moja. Alisema majibu ya damu yangu yametoka na angependa nirudi kituo cha afya tuongee. Nikamwuliza kama ni mabaya. "Si kitu cha kuongea kwa simu, madam," akasema. Sijui ni nani alimfundisha kijana yule kutuliza watu. Nilirudi ndani nikaendelea na kazi hadi jioni bila kuona ninachokichambua.

Ningekuwa na familia nyingine pengine ningelala usiku ule. Lakini baba yangu, aliyetoka upande wa ziwa akiwa kijana ili aje kuchuma chai huku Konoin, alianguka katikati ya mistari ya majani, kikapu kikiwa bado mgongoni, na moyo wake haukupiga tena. Hakuwa amelalamika hata kuumwa kichwa. Kaka yangu huuza viatu vya mitumba sokoni Litein akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu ugonjwa wa sukari ulimwachia kidonda kisichopona hadi mguu ukakatwa chini ya goti. Huwa anatania wateja kwamba yeye sasa akinunua viatu hubakiwa na kimoja cha kuuza. Wateja hucheka. Mimi kila nikioga nilikuwa nikikagua miguu yangu, kidole kwa kidole, kama mtu anayekagua kuku kabla ya kumnunua.

Ndiyo maana watafiti walipokuja kituo cha afya, wakitafuta watu wazima wa afya ambao wazazi au ndugu zao waliugua sukari au moyo, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Daktari alitueleza kwamba seli za mwili hutengeneza vipande vidogo mno vinavyoitwa mikroRNA, ambavyo husaidia kuamua ni kazi gani ifanywe na seli na ni ipi inyamazishwe. Vingine hutoka vikazunguka kwenye damu. Inaonekana baadhi yake huanza kuongezeka au kupungua miaka mingi kabla sukari haijapanda na kabla moyo haujasumbua, na wao walitaka kujua kama vinaweza kutupa onyo mapema.

"Kwa hivyo damu inajua ugonjwa kabla ya mwenyewe?" mama mmoja akauliza.

Daktari alicheka akasema hilo ndilo wanalolichunguza. Chumba kizima kikacheka naye. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekuja kwa jambo moja tu. Nilitaka kusikia kwamba nimefuata damu ya mama, ambaye kwa uzee wake bado hupanda mlima na mzigo wa kuni akiimba, na si damu ya baba.

Tuliambiwa tuje asubuhi bila kula. Nami sikula. Mama aliniamsha na kikombe cha chai kama alivyoniamsha maisha yangu yote, maziwa mengi na sukari ya kumfurahisha mgeni, nikanywa, nikavaa sweta, nikaenda. Huku kwetu hakuna anayevuka mlango asubuhi bila chai. Wanaowahi kuchuma huinywa gizani kabla hawajajua wamevaa viatu gani. Chakula ni kitu kingine, chakula kinakuja baadaye na ugali wake. Muuguzi aliponiuliza, "Umekula?" nilijibu hapana kwa moyo safi kabisa, na nadhani foleni nzima ilijibu hivyo hivyo.

Sasa nilikuwa nimerudi mbele ya daktari, nimeikalia mikono yangu. Alisema sukari yangu ilikuwa juu kidogo, lakini hiyo haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni vile vipande, ambavyo havikuwa katika kiwango cha kawaida. Kisha akaniuliza kama siku ile nilikuja bila kutia chochote mdomoni.

"Sikutia chochote, Daktari. Ni chai tu."

Akaweka kalamu chini. "Chai ya maziwa? Na sukari?"

"Kwani iko chai gani ingine?"

Alifunga macho kidogo. Nikaona anawafikiria watu wote wa foleni ile. Mimi nilijawa na furaha ambayo naona aibu kuieleza. Ilikuwa ni chai! Haikuwa damu ya baba, haikuwa mguu wa kaka, ilikuwa kikombe cha mama. Daktari alijaribu kunituliza. Alisema chai ile lazima ilivuruga kipimo cha sukari, lakini kuhusu vile vipande hakuwa na uhakika, na tungelazimika kurudia. Nilisikia neno "kurudia" nikaacha mengine yote.

Nilipomweleza mama, alishika kiuno. "Kumbe ni mimi nilikuharibia?"

"Ni wewe, Mama."

"Asante Mungu," akasema, na sote wawili tukacheka hadi machozi. Siku zilizofuata tuliisema vibaya chai ile kana kwamba ni jirani mkorofi. Lakini kila nilipokuwa peke yangu hofu ilirudi. Nilipanda ngazi za kiwandani nikisikiliza moyo. Nikiona kiu najiuliza ni kiu ya aina gani. Nikienda msalani mara ya pili asubuhi nakumbuka kaka yangu alianza hivyo hivyo.

Asubuhi ya kurudia, mama hakuwasha moto. Hakutaka nisikie hata harufu ya majani. Aliketi jikoni kwenye baridi, amejifunga shuka, chupa ya chai ameificha sijui wapi. Nikiwa navaa, nikasikia hatua za haraka uani. Ilikuwa jirani yetu, Mkipsigis wa nyumba ya pili, kanga kichwani imekaa upande.

"Kogo, kwani kuko nini hapa?" akamwuliza mama, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Sijaona moshi. Nimeogopa nikasema labda kuna mtu ametuacha."

"Hakuna mtu ametuacha," mama akasema. "Tunangojea tu damu itolewe."

Jirani alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha naye akaketi kwenye kigoda, karibu na jiko lile baridi, akasema basi hata yeye atangoja. Niliwaacha pale, wanawake wawili wasio na vikombe mikononi. Nilienda nikiwa na njaa na woga, sikujua kipi kilikuwa kikubwa.

Majibu ya pili nilipewa ana kwa ana. Safari hii daktari alikuwa amejifunza, akaanza na lililo jema: sukari yangu iko sawa, shinikizo la damu liko sawa. Kisha akasema vile vipande viko vilevile. Damu yangu, alisema, inafanana na damu za watu walioanza kuugua miaka ya baadaye. Bado ni utafiti, hawezi kuniambia kwamba nitaugua. Anachoweza kuniambia ni nipunguze sukari, nitembee, nije kupimwa mara kwa mara. Nilimwuliza niogope kiasi gani. Akasema hana kipimo cha hilo.

Nilimkuta mama amesimama langoni. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Haikuwa chai, Mama."

Aliingia jikoni, akachochea moto, akachemsha maziwa, akamimina vikombe viwili. Kopo la sukari lilibaki juu ya rafu. Nikamwambia yeye hana shida na sukari, atie tu kama kawaida. Alikunywa funda moja, akakunja uso, akanywa tena. Nilikuwa nimejishughulisha na miguu yangu na moyo wangu siku zote hizo, bila kufikiri hata mara moja kwamba mama ndiye aliyemzika mume, ndiye aliyeosha kidonda cha mwanawe hadi mguu ukakatwa, na aliyebaki mzima hadi sasa nilikuwa mimi.

"Ningetaka iwe ni chai yangu," akasema, akiangalia ndani ya kikombe. "Kosa langu ningelirekebisha."